Reli Itakapotengenezwa, Ni Nani Atajifunza Kazi?



Kila mtu wa Kolwezi, wa Likasi na wa Lubumbashi amekwisha kusikia jina la Lobito. Wanalisema sokoni, wanalisema kwenye pombe, hata baada ya misa watu wanasimama chini ya mwembe wakilizungumza. Wanasema: reli itafufuka, shaba itashuka baharini kwa njia ya Angola, na kazi zitamiminika. Sisi pia tunafurahi. Nani asiyetaka kusikia tena gari la moshi likilia usiku? Lakini sisi ni makarani wa mgodi, na kazi ya karani ni kuuliza maneno madogo ambayo wakubwa hawapendi kuulizwa: nani ameandikwa, kwa cheo gani, kwa mshahara gani, na kwa siku ngapi?

Habari zenyewe ni hizi. Reli ya Benguela, yenye kilomita zaidi ya 1,300 toka bandari ya Lobito hadi mpaka wetu, iliharibiwa na vita ya Angola tangu mwaka 1975. Wachina waliijenga upya, ikafunguliwa tena mwaka 2015. Mwaka 2022 serikali ya Angola iliwapa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis haki ya kuiendesha kwa muda wa miaka 30. Marekani iliahidi mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 rais wao, Joe Biden, alikwenda Angola mwenyewe kwa ajili ya njia hiyo. Kwa upande wetu wa Kongo, toka Dilolo hadi Kolwezi, ni kilomita 400 na kitu. Mwaka 2024 kipande hicho kilikuwa bado kinangoja mataruma mapya na reli mpya, na magari yalikuwa yanakwenda polepole kama mtu anayepita juu ya matope.

Basi kazi ipo, na ni kazi kubwa. Ndiyo maana tunataka kusema mapema, kabla taruma la kwanza halijalazwa, kwa kuwa baada ya sherehe na ngoma hakuna mtu anayesikiliza karani.

Wazee wetu wanajua kwamba reli si kitu kipya katika nchi hii. Ile ya kwanza, toka Matadi hadi Léopoldville, ilijengwa toka mwaka 1890 hadi 1898, na kwa hesabu ya wakubwa wenyewe Waafrika 1,800 na Wazungu 132 walikufa humo. Huku kwetu reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka Rodesia, ikafika Bukama mwaka 1918, ikafika Ilebo mwaka 1928, na mwaka 1931 ikaungana na ile ya Benguela. Kila kipande kililiwa na mikono ya watu waliotolewa vijijini, wengine kwa kupenda, wengi kwa kulazimishwa na shefu aliyelazimishwa na ajenti wa serikali.

Lakini tuseme na hili, maana haki ni haki hata kwa aliyetudhulumu. Baada ya miaka ile ya kwanza, kampuni za Katanga zilitambua kwamba mtu anayekuja miezi sita na kurudi kijijini hafai kitu kwa mashini. Kuanzia mwaka 1928 hivi zikaanza kutoa kontra za miaka mitatu, zikaleta wake na watoto kambini, zikafungua masomo ya ufundi. Mwafrika wa Kongo akaendesha gari la moshi, akashika mashini ya kukata chuma, wakati ambapo ng'ambo ya mpaka, katika Rodesia ya Kaskazini, kazi hizo zilikuwa za Mzungu peke yake. Mwaka 1952, kipande cha reli cha Likasi hadi Tenke kilipotiwa umeme, mikono mingi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa myeusi. Babu zetu walijivuna kwa haki.

Walijivuna, lakini juu ya vichwa vyao palikuwa na dari. Fundi aliweza kuijua mashini kuliko bwana wake, akaambiwa aifungue na kuifunga, lakini karatasi ya mchoro ilikaa katika kabati la bwana, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa bwana. Chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, yaani miaka minne tu kabla ya Uhuru. Tarehe 30 Juni 1960, katika vyeo vya juu vya serikali yapata 4,600, Wakongomani walikuwa na vitatu. Vitatu! Mwezi wa Julai, mabwana walipokimbia na familia zao, madaraja yalibaki, karakana zilibaki, reli ilibaki, na ufunguo wa kabati ukapanda ndege. Kila mtu anayetucheka kwa yaliyotupata baada ya hapo ahesabu kwanza vyeo hivyo vitatu.

Tunakumbusha mambo haya kwa sababu tunaona kabati lingine linatengenezwa.

Tutawaeleza jambo tunalolijua kwa macho yetu. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema hivi: kibarua wa siku akikwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, na akiandikwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Ni sheria nzuri. Imeandikwa na watu waliojua ujanja wa waajiri.

Lakini sikilizeni jinsi inavyozungukwa. Sisi tumekwisha kushika daftari la kazi katika kampuni moja ya kujenga barabara, ambayo jina lake hatulitaji. Kila jioni, saa kumi, mkubwa wa kazi alikuja ofisini, akaweka kidole juu ya safu ya siku, akasema: "Huyu amefika ishirini na moja. Mwambieni apumzike." Neno hilo "apumzike" ni tamu. Maana yake ni kwamba kesho mwenye jina atasimama nje ya lango, na mwingine ataingia kushika sepetu ileile, mpini ungali na joto la mikono yake. Sisi ndio tuliochora mstari mwekundu juu ya majina. Tunakiri mbele yenu. Tulikuwa na watoto wa kulisha, na karani aliyekataa kuchora mstari angechorewa yeye.

Kulikuwa na kijana mmoja, mrefu, mwenye watoto wawili, ambaye jina lake tulilichora mara tano katika mwaka mmoja. Mara ya tano hakuuliza kitu. Alitoa kofia ya kazi, akaiweka juu ya meza yetu kwa adabu, akasema: "Asante, Bwana Karani." Asante hiyo tunaisikia mpaka leo.

Sasa fikirini, ndugu. Ubaya wa siku ya ishirini na moja si mshahara peke yake. Mshahara mtu anaweza kuupata penginepo, hata kwa kuuza mkaa. Ubaya wake ni kwamba hakuna fundi duniani atakayepoteza saa zake kumfundisha mtu atakayeondoka baada ya wiki tatu. Kuunganisha vyuma vya reli kwa moto, kupima usawa wa njia, kutengeneza breki za mabehewa, kusoma mchoro wa daraja: mambo haya yanataka miezi, mengine miaka. Kijana anaingia na sepetu, anatoka na sepetu. Baada ya miaka kumi amepita katika kampuni sita, amejenga barabara ya kutosha kwenda Kinshasa, na cheti chake ni kovu la kidole. Kisha kampuni ya saba inakuja na kusema: "Tunahitaji mafundi, lakini Wakongomani hawana ujuzi, tuleteeni viza za wageni." Na serikali inatia sahihi!

Kuna mfano mkubwa ambao wote wanaujua, ule wa Sicomines hapa Kolwezi. Tarehe 22 Aprili 2008 serikali yetu ilipatana na kampuni za China: wao watachukua shaba na kobalti, nasi tutapata barabara, hospitali na reli. Katika kampuni ya mgodi, Wachina walipewa sehemu 68 kwa mia na Gécamines 32. Kazi za nchi zilikuwa za dola bilioni sita. Mwaka 2009 zikapunguzwa mpaka bilioni tatu. Mwezi wa Februari 2023 Inspeksheni Kuu ya Fedha ilitoa hesabu yake: katika hizo bilioni tatu, kazi zilizofanyika zilikuwa za dola milioni 822 tu. Kelele zikawa nyingi, na mwezi wa Machi 2024 mapatano yalibadilishwa, fedha za kazi zikapandishwa mpaka bilioni saba, zilipwe kidogo kidogo mwaka hata mwaka.

Kelele zote zilikuwa juu ya bilioni. Hakuna aliyepiga kelele juu ya maneno mengine yaliyokuwa katika mapatano yale ya kwanza, nayo kwetu ni maneno ya dhahabu. Yalisema kwamba katika kila kazi, Wachina wasizidi mmoja kwa wafanyakazi watano. Yalisema kwamba nusu ya moja kwa mia ya fedha za kazi itumike kufundisha Wakongomani na kuwapa ujuzi. Yalisema kwamba sehemu 10 hadi 12 kwa mia za kazi zigawiwe kampuni za Kikongomani.

Tuchukue kalamu. Nusu ya moja kwa mia ya dola bilioni tatu ni dola milioni 15. Nusu ya moja kwa mia ya zile milioni 822 ni milioni 4 na kitu. Na kwa bilioni saba za mapatano mapya, tukifuata kipimo kilekile, ni milioni 35. Kilomita za lami tuliziona, maana waziri alikuja kukata utepe na picha zikapigwa. Je, ni nani kati yenu aliyekwisha kuona, kwenye ukuta wa posta au wa ofisi ya meya, karatasi inayosema: kwa fedha hizi vijana hawa wamefundishwa, majina yao haya, ufundi wao huu, mahali wanapofanya kazi leo ni hapa? Kama mnayo, tuleteeni, tutaichapa ukurasa wa kwanza.

Na lile neno la mmoja kwa watano, ndugu, lilikuwa na tundu. Linahesabu vichwa, halihesabu vyeo. Wakongomani wanne wenye sepetu chini, na mgeni mmoja juu ya mashini ya kuchimba: hesabu inatimia, sheria imefuatwa, na ujuzi wote unakaa juu. Hatumchukii Mchina. Tumemwona akifanya kazi chini ya jua kama sisi, analala katika nyumba ya mabati, mbali na mama yake, naye pia anahesabiwa siku zake na mtu mwingine. Tunasema tu kwamba aliyeandika sheria ile hakupata kuwa karani. Karani angeandika: mmoja kwa watano katika kila cheo, toka msukuma toroli hadi mkubwa wa kazi.

Wengine watasema: "Kitu cha lazima ni barabara yenyewe, barabara ikiwepo, kila mtu anapata faida." Hili tunalijibu kwa nguzo za Inga. Bwawa la kwanza la Inga lilianza kazi mwaka 1972, la pili mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 ulikamilika waya wa kuleta umeme toka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, kwa ajili ya migodi. Umeme unaopita humo ni wa aina ambayo hauwezi kuchotwa njiani kama maji ya bomba. Unaingia Inga, unatokea Kolwezi. Vijiji vyote vilivyo chini yake vinausikia ukinguruma juu ya vichwa, na usiku watoto wanasoma kwa kibatari. Matokeo yake mnayajua: watu waliiba vyuma vya nguzo. Wizi ni wizi, hatuutetei. Lakini mtu hachungi ng'ombe ambaye hakuwahi kuonja maziwa yake. Mpaka leo Mkongomani mwenye umeme ni kama mmoja katika watu watano.

Kwa hiyo kitu kikubwa kinaweza kupita juu ya watu bila kuwagusa. Reli nayo inaweza. Behewa lililofungwa vizuri, lenye shaba, linaweza kutoka mgodini mpaka Lobito bila kumwachia mtu wa Mutshatsha au wa Kasaji hata kazi ya kuuza mihogo, kama hakuna stesheni, hakuna ghala, wala gari la abiria.

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba msomaji asitukasirikie kabla hajamaliza. Kazi zinapokuwa chache, na namna ya kuziandika inapokuwa ya siri, watu hawamlaumu mwenye daftari. Wanamlaumu jirani. Sisi wa Katanga tumekwisha kuliona jambo hili na tumelia. Kampuni za reli na za migodi ziliwachukua wafanyakazi wengi Kasai, na njia ya Ilebo ilipofunguliwa mwaka 1928 safari ikawa rahisi zaidi. Walikuja, wakajifunza, wakaandika, wakaendesha, wakazaa watoto hapa. Wengi wa wenyeji walibaki na sepetu, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Maneno mabaya yakapandwa, na katika miaka ya 1992 na 1993 Wakasai kwa mamia ya maelfu walifukuzwa. Walilala miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi, na watoto na wagonjwa, wakingoja gari, na wengi walikufa palepale wakingoja. Kati yao walikuwamo mafundi ambao reli haikupata wengine wa kushika mahali pao. Angalieni uchungu wa jambo hili: reli iliwaleta, reli iliwarudisha, nayo reli yenyewe ikabaki bila mikono iliyojua kuitengeneza.

Wale waliopanda chuki ile hawakuongeza hata cheo kimoja kwa mtoto wa Katanga. Na sasa, tangu Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, hata mtu wa Bukama tumesikia akiitwa mgeni Kolwezi. Kesho mtu wa mtaa mmoja ataitwa mgeni katika mtaa wa pili! Sisi hatutaki kazi zigawiwe kwa kabila. Tunataka kijana wa kijiji kilicho kando ya reli apewe nafasi ya kujifunza kwanza, kwa sababu shamba lake ndilo litakalokatwa na nyumba yake ndiyo itakayotetemeka usiku. Lakini mtihani uwe mmoja, wazi, na anayeshinda aandikwe, jina la baba yake lolote liwalo. Mtu akikuuliza kabila kabla hajakuuliza ufundi, jua kwamba anaficha kitu katika daftari.

Tena kuna nusu ya watu ambao daftari halina hata safu yao. Mpaka mwaka 2016, Kitabu cha Sheria za Jamaa kilimtaka mke kuwa na ruhusa ya mume ili afunge mapatano mbele ya sheria. Sheria hiyo imebadilishwa, lakini kichwa cha mkubwa wa kazi hakijabadilishwa. Mwanamke anaandikwa kufagia na kupika. Binti wa shule ya ufundi, aliyesoma umeme miaka yote kama kaka zake, anaambiwa ofisini: "Wewe utatutengenezea chai." Wenzetu wanaume wanacheka. Tuliowahi kumwona mwanamke akiendesha lile lori kubwa la mgodi, ambalo gurudumu lake linampita mtu urefu, hatucheki tena.

Basi tunadai nini?

Tunadai kwamba ujuzi uhesabiwe kama saruji inavyohesabiwa. Katika kila kontra ya kazi za nchi, saruji imeandikwa kwa tani na reli kwa mita. Kama tani zimepungua, kampuni hailipwi. Waandike vilevile: kwa kila kipande cha njia, wanafunzi wa kazi kadhaa, miezi kadhaa, ufundi fulani, mtihani kwa tarehe fulani. Mwanafunzi akikosekana, malipo yakosekane. Hakuna haja ya kuunda ofisi mpya yenye magari mapya. Taasisi ya INPP ipo tangu mwaka 1964, na waajiri wanaitozea fedha kwa kipimo cha mishahara wanayolipa. Cheti chake kinajulikana. Basi walimu wake watoke darasani waje kando ya reli, kampuni ifungue mashini zake, na kijana apimwe juu ya kazi yenyewe.

Watasema fedha hakuna. Sisi tunaandika hesabu za mgodi kila mwezi, tusidanganywe. Kitabu cha Migodi cha mwaka 2018 kinasema kwamba katika ushuru wa madini, sehemu 15 kwa mia ni za mji au sekta ambako mgodi uko, na 25 kwa mia ni za jimbo. Tena kila mgodi unatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hizi zinajenga viwanja vya mpira na sanamu. Sehemu yake ilipe chakula na nauli ya wanafunzi wa kazi, maana kijana mwenye njaa hasomi mchoro.

Tunadai pia kwamba sheria ya Februari 2017 ya kazi za kugawiwa isimamiwe kwa kweli. Inasema kampuni inayopokea kazi ya namna hiyo iwe na mtaji wa Kikongomani. Sote tunawajua mabwana wanaokodisha majina yao: asubuhi ni mkurugenzi katika karatasi, jioni haijui hata rangi ya lori lake. Mkongomani wa namna hii hafundishi mtu.

Nao wanaosema kwamba nchi maskini haiwezi kudai masharti kwa mwenye fedha, waangalie upande wa mashariki, ambako shaba yetu nyingine inapita kwenda Dar es Salaam. Tanzania na Zambia hazikuwa tajiri zilipojenga TAZARA, kilomita 1,860, toka mwaka 1970 hadi 1975. Katikati ya ujenzi vijana wao yapata 200 walipelekwa Beijing kusoma kazi za reli, na chuo cha reli kilijengwa Mpika, Zambia. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, wenye kuipokea walikuwa wamekwisha kuandaliwa. Ni kweli kwamba TAZARA baadaye ilikosa injini na mabehewa, na mizigo yake ikapungua sana; fundi bila vipuri ni kama padri bila divai. Lakini ufundi uliobaki katika vichwa hakuna aliyeweza kuurudisha China.

Na juu ya matengenezo, neno moja. Kazi ya kujenga inapita. Kazi ya kutunza inakaa. Zamani kila kipande cha barabara kilikuwa na kantonie wake, mtu wa kijiji hichohicho, aliyezibua mifereji kabla mvua haijaanza. Alilazimishwa na alilipwa vibaya, lakini barabara ilipitika. Tangu mwaka 2008 kuna mfuko wa kutunza barabara, na kila mtu anayenunua mafuta au anayepita kwenye peaji anautilia franga. Kijiji kimoja chenye wakantonie kumi wenye kontra ya kweli ni bora kwetu kuliko vibarua mia wanaopumzishwa siku ya ishirini na moja. Kando ya reli ni vilevile: mtu wa kukaza misumari ya mataruma awe wa mahali pale, afundishwe, alipwe kila mwezi, na avae nguo ya kazi yenye jina lake.

Kamati ya chama imekubali kuandika barua kwa gavana wa jimbo na kwa wabunge wetu, kabla kontra za reli hazijatiwa sahihi. Barua bila hesabu inatupwa katika kapu. Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila ndugu aliyefanya kazi ya siku katika barabara, daraja, mfereji au mgodi aje kwa katibu wa mtaa wake, aseme alianza tarehe gani, aliondolewa siku ya ngapi, alirudishwa lini, na kama kuna mtu aliyemfundisha kitu. Mwenye karatasi yoyote ya malipo ailete, hata kama imelowa. Jina halitachapwa. Akina mama waliokataliwa kazi ya ufundi waje pia, na mabinti wa shule ya ufundi walete vyeti vyao tuvinakili.

Nanyi makarani wenzetu, mnaokaa katika ofisi hizo mpaka usiku: hatuwaombi mwibe daftari. Mnajua kuhesabu kwa kichwa. Njooni Jumapili baada ya misa ya pili.